SOMO LA AFYA: Ni Nani Anayeuambia Moyo Upige Haraka au Pole Pole?



Tunahesabu magunia ya mahindi. Tunahesabu pesa za chama mara mbili, tena mbele ya watu. Kuku akiatamia tunahesabu siku zake. Lakini ukiuliza kwenye mkutano, "Moyo wako unapiga mara ngapi kwa dakika moja?" watu watacheka tu. Wachache sana wamewahi kuhesabu.

Na bado hesabu hiyo ndiyo mara nyingi hutuambia mapema kwamba mama aliyejifungua usiku anaishiwa damu, au mtoto anayehara anakauka maji. Haitaki mashine. Inataka vidole viwili na saa. Katika somo hili tutajifunza moyo unapata wapi mwendo wake, ndipo tujue mwendo huo unatuambia nini.

Ni vizuri mmoja wenu asome kwa sauti na wengine wasikilize. Pale penye jaribio, msimame mfanye kwanza kabla ya kuendelea. Leteni saa yenye mshale wa sekunde, au simu.

TUANZE NA BODA BODA

Jina boda boda lilizaliwa hapa hapa kwetu. Pale Busia, kutoka geti la Kenya mpaka geti la Uganda kulikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili. Gari lilihitaji karatasi nyingi kuvuka, lakini mtu kwa baiskeli hakusumbuliwa sana. Basi miaka ya 1960 na 1970 vijana walianza kubeba abiria na mizigo kwenye baiskeli, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka: boda, boda! Kazi hiyo ikaenea mpaka Malaba, na kutoka hapo Afrika Mashariki yote. Siku hizi ni pikipiki zaidi, lakini baiskeli bado tunaziona.

Sasa mfikirie huyo kijana wa baiskeli. Ameketi chini ya mti anangoja mteja. Moyo wake unapiga pole pole, tuseme mara 60 kwa dakika. Anakuja mama na gunia. Kijana anapanda, anakanyaga, kuna kilima kidogo. Baada ya dakika mbili moyo ule ule unapiga 140, hata 150. Anafika, anapokea pesa, anapumzika, na muda si mrefu mapigo yameshuka tena karibu na yale ya mwanzo. Yeye mwenyewe hakuamua lolote. Hakusema, "Moyo wangu, ongeza." Ni nani basi aliyesema?

Na angalieni jambo lingine. Kijana aliyeendesha baiskeli ya mizigo miaka mingi, akiwa amepumzika, moyo wake unaweza kupiga mara 50 tu, wakati wa jirani yake anayekaa dukani unapiga 75. Si ugonjwa huo. Moyo wake umekuwa na nguvu, kila pigo linasukuma damu nyingi zaidi, kwa hiyo hauhitaji kupiga mara nyingi. Ndivyo ilivyo hata kwa wakimbiaji wetu wa mbio ndefu.

Tusiwasahau watu wenye ulemavu ambao kwa miaka mingi wamevusha mizigo pale Busia kwa baiskeli za magurudumu matatu, wakizungusha kwa mikono. Misuli ya mikono ni midogo kuliko ya miguu. Kwa hiyo mzigo ule ule, mwendo ule ule, moyo wa anayezungusha kwa mikono hupiga mbio zaidi kuliko wa anayekanyaga kwa miguu. Mkimwona ndugu huyo anapumua kwa nguvu kwenye kilima, msidhani ni mdhaifu. Moyo wake unafanya kazi kubwa kuliko wenu.

MOYO HAUNGOJI AMRI YA KUPIGA

Kila aliyechinja kuku ameona hili. Umekata, umepasua, umetoa moyo, na bado unaruka ruka kidogo mkononi. Wavuvi wa Sio Port na Port Victoria wameona moyo wa samaki ukiendelea kupiga hata baada ya kutolewa tumboni. Ubongo haupo tena, neva zimekatwa, na moyo unapiga! Kumbe pigo lenyewe halitoki kichwani. Moyo unajipiga wenyewe.

Wataalamu walitafuta kwa muda mrefu mahali linapoanzia. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa Uingereza, Arthur Keith na Martin Flack, walieleza kifundo kidogo cha nyama kilichojificha katika chumba cha juu cha moyo upande wa kulia, pale mshipa mkubwa unapoleta damu kutoka kichwani na mikononi. Hicho ndicho mpiga ngoma. Kinatoa cheche ndogo ya umeme, si umeme wa kukuchoma, bali ule mdogo wa mwili. Cheche inasambaa katika vyumba vya juu, navyo vinajikaza na kumimina damu vyumba vya chini. Halafu kuna kifundo cha pili katikati, ambacho Mjapani Sunao Tawara alikieleza mwaka 1906. Hiki kazi yake ni kuchelewesha cheche kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa nini kuchelewesha? Ili vyumba vya chini vijae damu kwanza ndipo visukume. Ni kama kupampu maji kisimani: ukikimbiza mkono kabla maji hayajaingia, unapampu hewa.

Mpiga ngoma huyo akiachwa peke yake, bila neva yoyote, anapiga karibu mara 100 kwa dakika kwa mtu mzima. Tunajua hivyo kutoka kwa watu waliopandikizwa moyo wa mtu mwingine, kazi iliyofanywa mara ya kwanza Cape Town, Afrika Kusini, Desemba 1967, na daktari Christiaan Barnard. Moyo ukihamishwa, neva zake zinakatwa. Na watu hao, hata wakiwa wamelala, mioyo yao hupiga kati ya 90 na 110 hivi.

Lakini wewe uliyeketi hapo, wako unapiga labda 70. Hizo 30 zimeenda wapi?

BREKI NA MAFUTA

Zimezuiwa na breki. Kutoka sehemu ya chini ya ubongo, kisogoni pale shingo inapoanzia, zinashuka neva mbili ndefu kupitia shingoni mpaka kifuani, moja kila upande. Madaktari huziita vagasi. Kazi yake moja ni kuushika moyo usiende kasi. Unapopumzika, breki imekanyagwa saa zote.

Kuna neva nyingine zinazotoka kwenye uti wa mgongo. Hizo ni za kuongeza mafuta. Zinaharakisha pigo na pia zinaufanya moyo usukume kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo mwendo wa moyo ni kama pikipiki iliyowashwa: injini inazunguka yenyewe, lakini kuna mkono kwenye mafuta na mguu kwenye breki. Kijana wetu wa boda boda alipoanza kukanyaga, kitu cha kwanza mwili wake ulichofanya haikuwa kuongeza mafuta. Ulilegeza breki, na moyo ukapanda ndani ya sekunde chache. Mafuta yalikuja baadaye kidogo, kilima kilipokuwa kigumu.

Breki inashikaje? Mwaka 1921 mtaalamu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Austria, Otto Loewi, alitangaza jaribio lake la vyura. Mwenyewe alisimulia kwamba jaribio lilimjia ndotoni usiku. Aliamka akaliandika, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake mwenyewe. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, na safari hii hakungoja kuche, alikwenda moja kwa moja kazini. Alichukua mioyo miwili ya chura ikiwa bado inapiga kwenye maji ya chumvi. Wa kwanza ulikuwa na neva yake ya breki. Alipoichokoza neva hiyo kwa umeme, moyo ukapungua mwendo. Halafu akachota yale maji yaliyouzunguka moyo wa kwanza, akamwagia ule wa pili ambao haukuwa na neva. Na wa pili nao ukapungua mwendo! Maana yake ni kwamba neva haivuti moyo kama kamba. Inatoa dawa. Dawa hiyo tunaiita asetilikolini. Mwaka 1936 Loewi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Shikeni hilo jina, asetilikolini. Tutalirudia tukifika kwa dawa za kunyunyiza shambani.

Jaribio la kwanza. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono wa mwenzako, upande wa kidole gumba, palipo na bonde dogo. Usitumie kidole gumba chako, kwa sababu kina pigo lake na utahesabu la kwako. Mwambie avute pumzi ndefu pole pole, kisha aiachilie pole pole. Kwa vijana hasa mtasikia mapigo yakiharakisha kidogo akivuta, na yakipungua akitoa. Mnachosikia ni breki ikilegezwa na kushikwa. Ndiyo sababu mtu mwenye hofu tukimwambia, "Toa pumzi pole pole, Mama, toa tena," moyo wake unatulia. Si maneno ya kubembeleza tu.

MLINZI WA SHINGONI

Sasa ubongo unajuaje wakati wa kushika na wakati wa kuachilia? Una walinzi. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo, chini ya taya, na kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni, kuna sehemu zinazopima jinsi damu inavyosukuma ukuta wa mshipa. Msukumo ukishuka, habari inafika kichwani mara moja, na moyo unaambiwa uende haraka. Msukumo ukipanda, unaambiwa upunguze.

Jaribio la pili. Mtu alale chini dakika tano, mhesabu mapigo yake dakika nzima. Kisha asimame, na mhesabu tena. Wengi wataona yamepanda kwa mapigo 10 hadi 20. Aliposimama, damu ilishuka miguuni, mlinzi akaona, moyo ukaongeza mwendo ili kichwa kisikose damu. Ikiwa mtu akisimama anapata kizunguzungu na mapigo yanaruka kwa 30 au zaidi, huenda mwili wake umepungukiwa maji au damu. Mama aliyepalilia tangu asubuhi bila kunywa kitu, halafu anainuka ghafla na kuona giza, anajua tunazungumza nini.

Onyo: msibonyeze shingo kwa nguvu, na kamwe msibonyeze pande zote mbili kwa pamoja. Mlinzi akibonyezwa anadhani damu imezidi, anashika breki, na mtu anaweza kuzimia. Hesabuni mkononi.

Kuna mjumbe mwingine ambaye hapiti kwenye neva, anapita ndani ya damu. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa adrenalini. Ukivuka barabara pale Malaba kwenye foleni ya malori na dereva apige honi nyuma yako, moyo unaruka mara moja: hizo ni neva. Lakini dakika kadhaa baadaye umeshavuka, hatari imepita, na bado moyo unadunda na mikono inatetemeka. Hiyo ni adrenalini, bado inazunguka. Miraa nayo huharakisha moyo, na ndiyo maana anayeitafuna usiku kucha asishangae kifua kikidunda. Wengine mambo haya huyaita kurogwa.

HESABU ZENYEWE

Mtu mzima aliyepumzika: kati ya 60 na 100. Anayefanya kazi ngumu kila siku anaweza kuwa 50 na akawa mzima kabisa. Mwanafunzi wa shule ya msingi: 75 hadi 115 hivi. Mtoto wa miaka 2 au 3: 90 hadi 140 hivi. Mtoto mchanga: 110 hadi 160 hivi. Kwa hiyo nyanya akishika kifua cha mjukuu mchanga na kuona kinadunda haraka haraka, asiogope, ndivyo walivyo. Mama mjamzito huongeza mapigo 10 hadi 20 juu ya yale ya kawaida yake, kwa sababu damu yake imeongezeka ili kumlisha mtoto.

Homa hupandisha mapigo, kwa mtu mzima karibu 10 kwa kila digrii moja ya joto. (Homa ya matumbo wakati mwingine hudanganya: joto liko juu sana na mapigo hayajapanda kiasi hicho.) Aliyepungukiwa damu kwa malaria ya mara kwa mara au minyoo ya safura, moyo wake huenda mbio hata akiwa ameketi, kwa kuwa damu iliyobaki lazima izungushwe mara nyingi zaidi.

Jambo moja ambalo watu huchanganya sana: mapigo si presha. Unaweza kuwa na mapigo 72 mazuri kabisa na presha yako iko juu ya kuua. Presha inapimwa kwa kile kitambaa cha mkononi kinachojazwa hewa. Vidole haviwezi kukuambia.

MAMA ALIYEJIFUNGUA

Hapa tusimame zaidi, kwa sababu hapa ndipo mapigo yanaokoa watu.

Mama amejifungua nyumbani, au njiani. Mtoto analia, watu wanafurahi. Mama anaongea, anaomba chai. Damu inatoka lakini kila mama hutokwa na damu, nani atajua ni nyingi? Imeingia kwenye godoro, kwenye nguo, nyingine imeshamwagwa. Wataalamu husema ikipita nusu lita ni nyingi, lakini damu iliyonywewa na godoro haipimiki. Mapigo yanapimika.

Ndani yake hivi ndivyo inavyokuwa. Damu inapungua, mlinzi wa shingoni anaona, breki inaachiliwa, mafuta yanaongezwa. Wakati huo huo mishipa ya ngozi inajibana ili damu ibaki kwa moyo na ubongo. Mikono inakuwa baridi, yenye jasho. Kwa njia hiyo mwili unaficha upungufu. Hata ukimpima presha unaweza kukuta ni nzuri bado, na mama anazungumza na wewe. Isitoshe ana ile damu ya ziada ya mimba, kwa hiyo anaweza kuficha kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine. Halafu uwezo wa kuficha unaisha, na anaanguka kwa ghafla. Watu husema, "Alikuwa mzima tu, alikuwa anaongea!" Lakini moyo wake ulikuwa umepiga kelele saa nzima na hakuna aliyehesabu.

Basi hesabuni. Mara tu baada ya kujifungua mapigo huwa juu kwa sababu ya kazi aliyofanya, lakini yanatakiwa kushuka akipumzika. Mhesabuni kila robo saa katika saa mbili za kwanza, na muandike. Yakipanda badala ya kushuka, au yakipita 100 na kubaki huko, msingoje kuona yatakavyokuwa, anzeni safari. Yakipita 110 ni hatari kubwa. Na mkiona damu inamwagika, hata mapigo yakiwa 80, nendeni vile vile. Mapigo mazuri hayafuti damu unayoiona kwa macho.

Mkingoja gari: mlazeni, mfunikeni apate joto, mtoto anyonye, mama akojoe, na sugueni tumbo lake la chini mpaka mfuko wa uzazi uwe mgumu kama mpira. Walio karibu na Busia wana hospitali ya kaunti, walio upande wa Malaba wana ile ya Kocholya. Kumweka mama anayetokwa na damu nyuma ya pikipiki, ameketi, si vizuri. Aliyeketi au kusimama damu yake hushuka miguuni, kama mlivyoona kwenye jaribio la pili. Ikiwezekana kabisa alale ndani ya gari.

Kwa mtoto anayehara ni habari ile ile, ila kinachopungua ni maji. Macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi pole pole, mapigo mbio kupita kawaida yake. Mpeni paketi ya ORS, au kama haipo, lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe sawa bila kilima. Asiyeweza kunywa, au aliyelegea, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

BREKI IKIKWAMA: DAWA ZA SHAMBANI

Sasa turudi kwa asetilikolini. Mwili ukishaitoa ili kushika breki, unaifagia mara moja, ndiyo sababu breki inaweza kushikwa na kuachiliwa kwa kila pumzi. Baadhi ya dawa za kuua wadudu, zile tunazonyunyiza kwenye pamba na nyanya, na nyingine za kuoshea ng'ombe kupe, zinaua ule ufagio. Mdudu anakufa hivyo, na mtu naye anaweza kufa hivyo. Asetilikolini inajaa mwilini bila kuondolewa.

Aliyepatwa na sumu hiyo utamwona anatokwa na mate na machozi, jasho jingi, anatapika, anaharisha, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inacheza cheza, kifua kinakoroma. Mapigo mara nyingi yanapungua sana, ingawa kwa wengine huanza kwa kwenda mbio, kwa hiyo msingojee mapigo peke yake. Mvueni nguo, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, nanyi mjikinge mikono. Msimlazimishe kutapika, wala msipoteze muda kumpa maziwa. Mkimbizeni hospitali na mbebe chupa ya dawa yenyewe au karatasi yake. Huko wana atropini, ambayo inazuia asetilikolini isishike. Atropini haipatikani jikoni.

Hapa mpakani dawa nyingi za shamba huuzwa zikiwa zimepunguzwa kwenye chupa za soda, bila jina. Kikundi chenye shamba la pamoja kikatae jambo hilo. Chupa isiyo na jina haimwambii daktari chochote, na mtoto ataiona ni soda.

VIDONGE VYA MOYO

Huku kwetu ni rahisi mtu kukosa dawa upande huu akaivukia upande ule. Vidonge kama propranololi na atenololi hufunga mlango wa adrenalini ili moyo usipige mbio. Ni dawa nzuri kwa aliyeandikiwa. Lakini jirani akikupa chake kwa sababu "hata mimi kifua kilikuwa kinadunda", unaweza kuingia taabani. Mwenye pumu anaweza kubanwa na kifua vibaya, kwa maana adrenalini hiyo hiyo ndiyo inayofungua njia za hewa. Aliyepungukiwa damu au maji anahitaji moyo wake uende mbio. Ukiuzuia umemnyima njia ya kujiokoa. Na aliyezizoea asiziache ghafla siku zinapoisha dukani, moyo unaweza kurudi kwa kasi ya hatari. Aende kliniki akaambiwe namna ya kupunguza.

Ukihesabu na kukuta mapigo hayana mpangilio kabisa, matatu haraka, moja limepotea, mawili pole, tena na tena, au umepumzika na bado yako juu ya 100 siku kwa siku, au yako chini ya 50 na una kizunguzungu, muone mhudumu wa afya na umwambie hesabu ulizoandika.

KAZI YA MKUTANO UJAO

Kila mmoja ahesabu mapigo yake asubuhi tatu kabla ya kutoka kitandani, dakika nzima, na aandike. Katibu aandike yote katika daftari la kikundi, kila mtu na hesabu yake ya kawaida. Wajawazito wahesabiwe kila mkutano, kwa sababu siku ya kujifungua ikifika usiku wa manane, mkunga au mama mkwe atataka kujua 95 kwa huyu ni nyingi au ndiyo kawaida yake. Mwanakikundi mmoja mwenye saa nzuri afundishwe kuhesabu vizuri na mhudumu wa afya wa kijiji, na mwingine awe wa pili wake.

Mweka hazina naye aje na jibu la maswali mawili: kikundi kinaweza kutenga kiasi gani cha pesa za safari ya ghafla, na zitakaa kwa nani ili zipatikane hata saa nane ya usiku bila kungoja sahihi tatu. Namba ya simu ya mwenye gari anayekubali kuja usiku iandikwe kwenye ukurasa ule ule wa mapigo.